Kabla hujalipia tiketi ya shoo, uliza makato

Bango linasema kiingilio ni 20,000. Unafungua ukurasa wa tiketi kwenye simu, unachagua nne za familia, unajaza majina na namba, na ukifika pa kulipa unakuta 86,000. Hiyo 6,000 ya juu imeandikwa "ada ya huduma", 1,500 kwa kila tiketi. Kwa sisi tunaopenda matamasha hapa Dodoma hali hii imezoeleka, na inaniuma kwa sababu bei kamili unaijua wakati watoto wameshaambiwa wanakwenda.

Makato yenyewe siyapingi. Kampuni ya simu inachukua chake kwenye muamala, mfumo unahitaji watu wa kuuendesha, na getini wapo vijana wa kuskani. Mtu wa Kongwa au Mpwapwa anaokoa nauli ya kuja mjini kufuata tiketi, na hatari ya kuuziwa feki nje ya geti inapungua. Kazi hiyo inastahili malipo.

Tatizo ni namna yanavyohesabiwa. Nikinunua tiketi nne nimefanya muamala mmoja, kwa nini nikatwe mara nne? Pengine makato huwekwa kwa asilimia, na hapo wa VIP ya 50,000 anakatwa zaidi ya wa kawaida, ilhali wote wawili wametumiwa ujumbe wa aina moja na wanaskaniwa na kijana yuleyule. Ada ya haki ingetozwa mara moja kwa muamala, kiasi kinachojulikana, na kionekane kwenye bango.

Wenzetu nao wamelipigia kelele. Machi 2023, mashabiki wa bendi ya The Cure huko Marekani walionyesha kwamba tiketi za dola 20 zilikuwa na ada zilizozidi bei ya tiketi yenyewe. Mwimbaji wao, Robert Smith, aliibana Ticketmaster, kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi hizo, hadharani, na kampuni ikakubali kurudisha dola 5 hadi 10 kwa tiketi. Tangu Mei 12, 2025, kanuni ya serikali ya nchi hiyo inamtaka muuzaji wa tiketi za maonyesho aonyeshe bei yote tangu mwanzo. Haijaweka kikomo cha ada, imekataza kuificha tu. Hata hivyo naiona ni hatua kubwa, maana gharama ikionekana watu huijadili. Tuliona hapa kwetu mwaka 2021: tozo ya miamala ya simu ilianza Julai, kila mtu akaiona kwenye simu yake, kelele zikapigwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Kwa hiyo mimi kwanza hujaza hatua zote mpaka nione jumla, ndipo niseme chochote nyumbani. Kama bango limetaja duka au kituo cha kuuzia tiketi mjini, na ninakaa karibu, nakwenda kwa miguu nauliza kama huko kuna makato. Mara nyingi hakuna. Usisubiri getini bila kusoma bango vizuri, kwani waandaaji wengi hupandisha kiingilio siku yenyewe, na nyongeza hiyo inaweza kuyazidi makato uliyoyakimbia.

Swali ninalolisisitiza kuliko yote: shoo ikiahirishwa, ada inarudi? Iliwahi kunitokea nikarudishiwa bei ya tiketi peke yake, ada wakabaki nayo, kwa maelezo kwamba huduma ilishatolewa. Huduma gani, kama sikuingia popote? Tangu hapo namwuliza mwandaaji kwa maandishi kabla sijalipa, na ujumbe wa muamala siufuti mpaka tamasha lipite. Ukiona bei uliyotangaziwa siyo uliyotozwa, piga picha ya bango na ya ukurasa wa malipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.