Cartagena kwa miguu: nusu siku inatosha

Mkuu, umeuliza kama nusu siku inatosha kuzunguka mji mkongwe wa Cartagena, Kolombia, kwa miguu, na kama kuna haja ya kumlipa muongoza watalii. Inatosha, ila mlipe. Bila yeye utapita Plaza de los Coches, pale nyuma ya Mnara wa Saa, ukidhani ni uwanja wa kununulia peremende tu. Hapo ndipo Waafrika walipokuwa wakiuzwa. Kanisa la San Pedro Claver haliko mbali. Padri huyo aliwahudumia watumwa, akafariki 1654, na mifupa yake unaiona chini ya altare, ndani ya sanduku la kioo.

Wale akina mama wanaouza matunda na magauni yao ya rangi kali asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji cha watumwa waliotoroka. Lugha yao ina maneno ya Kibantu: ng'ombe kwao ni "ngombe". Nilivyoambiwa nilicheka peke yangu njiani!

Ngome ya San Felipe, iliyowashinda Waingereza 1741, iko nje ya kuta za mji mkongwe na kivuli ni haba. Anza nayo asubuhi mapema, ubebe maji.