Maswali yenu: simu ya bure, simu iliyolokiwa, na iPhone iliyokwama Mwanza

Wiki hii meseji zimejaa mambo ya simu tu, zile ofa za simu mpya huku Marekani zimewachanganya wengi, nimechagua maswali machache nayajibu kwa pamoja kwa sababu yanashikana.

Kaka, nina miezi minne tu tangu nifike Ohio. Dukani wameniambia nikihamia kwao wananipa bure simu ya dola 720. Ni bure kweli?

Mdogo wangu, afadhali umeuliza kabla hujasaini. Huo ni mkopo. Ukisaini tu unakuwa unadaiwa dola 720, wanazigawa kwa miezi 36 (kati ya kampuni kubwa za simu huku, AT&T na Verizon ndo wanapenda 36, T-Mobile mara nyingi 24), kila mwezi bili inakukata dola 20 halafu bili hiyohiyo inakurudishia dola 20, wenyewe wanaita krediti, ndo maana mwisho unaona sifuri. Sasa sifuri hiyo inadumu ukibaki kwao na ukibaki kwenye kifurushi walichokitaka wao. Ukihama baada ya miezi 14 krediti zinakufa hapohapo na ile miezi 22 iliyobaki inageuka deni la dola 440, linakuja lote kwa mkupuo.

Kuna hela ya siku ya kwanza pia. Kodi ya mauzo kwa kawaida inapigwa kwenye bei kamili ya simu sio kwenye hiyo sifuri, hapa Houston nilipo mimi ni asilimia 8.25 kwa hiyo simu ya dola 720 unatoa dola 59.40 papo hapo, hujaweka ada ya kuwasha laini.

Lakini kinachowala watu wetu zaidi ni kifurushi, naomba hapa unisikilize vizuri. Ofa inadai uchukue kile cha bei ya juu, tuseme dola 75 kwa laini moja, wakati kampuni ndogo za kulipia kabla unapata laini kwa dola 25 na mtandao ni uleule maana wanakodisha minara ya wale wakubwa. Tofauti ni dola 50 kila mwezi, zidisha mara 36 unapata dola 1,800. Yaani simu ya 720 umeilipa mara mbili na nusu na bado unaambiwa umepewa. Mtu aliyefika juzi, hajajua atakaa mji gani wala kazi gani, miaka mitatu ni mirefu mno kujifunga. Nunua simu iliyo wazi, yaani inayokubali laini yoyote, hata kama ni ya mwaka juzi, ulale usingizi.

Basi mimi nilishachukua, je nikilipa deni lote leo si naifungua naondoka zangu?

Unaweza, ila kwa ofa nyingi ukimaliza deni mapema na krediti zinasimama, kwa hiyo ile "bure" umeinunua kwa hela yako. Na simu ya ofa huwa imelokiwa, yaani inakubali laini ya kampuni iliyoiuza tu, na kampuni nyingi haziifungui mpaka deni liishe, AT&T kwa mfano wanataka simu iwe imelipwa yote na imetumika kwao siku 60, kwa wale wa kulipia kabla ni miezi sita. Soma karatasi yako, tafuta panaposema krediti zinakoma lini. Kama umebakiza miezi mitatu minne vumilia imalizike.

Shikamoo kaka. Mwanangu kanitumia iPhone kutoka Marekani, huku Mwanza kila laini nikiweka inakataa. Fundi anasema anaweka chipu inashika. Nimpe hela?

Marahaba dada yangu. Usimpe kwanza, swali lako limenigusa kwa sababu limenikuta. Mwaka mmoja nimekwenda Tanga mzee akiwa mgonjwa, simu yangu ya ofa imelokiwa haikubali laini ya nyumbani, siku zote zile nilikuwa naazima kitochi cha mama ndo napigia hospitali na ndugu. Tangu siku ile hili jambo silichukulii wepesi.

Hiyo chipu, wengi wanaita R-SIM, ni kipande chembamba kinabandikwa chini ya laini yako kuidanganya simu ione kama ni laini ya kampuni iliyoifunga. Inashika, ila simu ikijisasisha unarudi kwa fundi, mara mtandao unapotea katikati ya maongezi. Na kama ni iPhone 14 kwenda juu iliyouzwa Marekani haina hata tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, chipu utaibandika wapi.

Njia ya kweli iko kwa mwanao. Bonyeza *#06#, itatokea namba ndefu ya IMEI, ndo kitambulisho cha simu, mtumie. Yeye amalize deni kama lipo halafu aiombe kampuni iifungue, na hapa watu wengi hawajui, si lazima simu irudi Marekani. Wakishakubali inaandikwa kwenye mitambo ya Apple, wewe huko Mwanza unaunga tu Wi-Fi, unaweka laini, inakubali na haifungwi tena. Zamani ilikuwa shida, 2013 Marekani ilikuwa kosa kisheria kufungua simu yako bila ruhusa ya kampuni, watu wakapiga kelele mpaka Obama akasaini sheria ya kuruhusu tarehe 1 Agosti 2014.

Nataka kununua iPhone used Kariakoo, nitajuaje haijalokiwa?

Ingia Settings, General, kisha About, shuka mpaka Carrier Lock, isome No SIM restrictions. Ikisoma kitu kingine iache mezani. Hata ikisoma vizuri weka laini yako mwenyewe upige ukiwa palepale, na ichomoe uangalie hakuna kitu chembamba kimebandikwa chini. Muuzaji akikataa usitoe kadi ya laini basi ameshakujibu.

Mimi niko Nakuru, nimechukua simu ya kulipa kila siku, nikichelewa inajifunga yote. Hii ni kitu moja na hizo za Marekani?

Ni ndugu wa karibu lakini kufuli si moja. Ile ya Marekani inakuzuia kuhama mtandao, simu yenyewe inafanya kazi. Yako ni programu ya mkopeshaji imekaa ndani kabisa, inazima skrini mpaka ulipe, hata laini ubadilishe vipi. Safaricom na Google walipoanza Lipa Mdogo Mdogo 2020 ilikuwa shilingi 20 kwa siku, na sioni vibaya, mama mboga amepata simu ya intaneti ambayo asingeinunua kwa keshi. Ninachoomba piga hesabu ya jumla. Tuseme yako ni amana 3,000 na 60 kila siku, kwa siku 365 ni 24,900, nenda duka la pili uulize ileile ni ngapi keshi. Na ukimaliza hakikisha wameitoa hiyo programu, usiishie kwenye meseji ya pongezi.

Niko Manchester, huku je?

Wewe umepona. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano hapo Uingereza, walipiga marufuku kuuza simu zilizolokiwa tangu Desemba 2021, Kanada walitangulia Desemba 2017. Mkataba wa kila mwezi bado unakubana ila simu inakubali laini yoyote. Ukiwa unamtumia mtu nyumbani toa tu akaunti yako ya Apple (Apple ID) kwanza, hiyo ni kufuli nyingine, fundi wa Kariakoo wala wa Luthuli kule Nairobi hawezi kuifungua.