Laptopu ya DOS inachemka na betri haikai? Anza na prosesa

Wadau, kama kuna mtu bado ana laptopu ya zamani ya DOS (ule mfumo wa kompyuta wa enzi za kabla ya Windows, unaandika amri kwa kibodi) afu betri inakata fasta na chini inaunguza mapaja, kabla hujatoa hela ya betri nyingine nisikilize kwanza.

Mjomba wangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hesabu zake zote ziko kwenye programu ya DOS ndani ya laptopu yenye prosesa ya zamani ya 486 (prosesa ndo ubongo wa kompyuta), na hataki kuhama maana madeni ya wateja wa miaka yote yamo mle. Umeme ukikatika anategemea betri, na ilikuwa haifiki hata nusu saa. Mi nikajua betri imechoka, nikamtafutia nyingine, ikaongeza dakika chache tu, hela imeenda. Siku moja kaiacha kwenye C:\> (pale DOS inapokusubiri uandike amri) kaenda kupima gunia, nikaweka mkono juu ya kibodi, ya moto kama birika, na hamna mtu aliyeigusa!

Kumbe DOS haijui kupumzika. Ikikusubiri ubonyeze haikai kimya, inaiuliza kibodi kabonyeza? kabonyeza? muda wote bila kuchoka, prosesa inakimbia kwa nguvu zote kwa kazi ambayo haipo. Prosesa yenyewe ina amri inaitwa HLT, ukiipa inalala mpaka kitu kiiamshe, na saa ya ndani inaiamsha mara 18 hivi kila sekunde kwahiyo hutahisi chochote, ila lazima awepo wa kuitoa hiyo amri.

Kwenye MS-DOS 6 (DOS ya Microsoft) yupo, programu ndogo inaitwa POWER.EXE. Fungua CONFIG.SYS (faili ambalo DOS inalisoma ikiwaka) ongeza DEVICE=C:\DOS\POWER.EXE, sevu, washa upya, afu andika POWER peke yake, itakuonyesha prosesa imepumzika asilimia ngapi ya muda. Angalia pia kwenye setapu ya baiosi (programu ya ndani ya mashine inayowaka kabla ya DOS) kama APM, yaani mfumo wa kubana umeme, imewashwa, bila hiyo faida ni ndogo. Mwenye FreeDOS (DOS ya bure) atumie FDAPM APMDOS.

Usikimbilie ADV:MAX lakini, yaani kuiambia POWER ibane umeme kwa kiwango cha juu kabisa. Mi niliiweka, tukahamisha faili kwa waya wa siriali zikafika pungufu, nikarudisha ADV:REG, kile kiwango cha kawaida, zikapita vizuri.

Na ukiona asilimia iko sifuri au karibu na hapo, shida ni programu unayotumia, zipo zinazosoma kibodi zenyewe moja kwa moja bila kupitia baiosi na POWER haiwezi kujua kama zinasubiri tu. Ya mjomba ndo hivyo hivyo. Nikamwambia mjomba, ukienda kwenye mzani toka kwenye programu kwanza, iache kwenye C:\>. Alilalamika siku mbili tatu hivi, sasa kazoea, na juzi umeme umekatika kaandika mzigo wote wa asubuhi mpaka gari la kwenda Shinyanga likaondoka, betri bado ipo.