Komedi ya mapenzi ya chuo: kabla ya kuulizia kamera, tuongee sauti

Weee, simama hapo hapo. Nimesoma swali lako lote mkuu. Filamu ya dakika 40, mwanachuo mwenye haya anayeshindwa kumtamkia msichana wa maktaba, unauliza kamera ya kukodi, siku za kushuti, waigizaji, na wimbo wa kufungulia. Halafu katikati umechomekea kasentensi: "sauti tutatumia maiki ya kamera, editor kasema ataisafisha." Hayo mengine yote yasubiri. Hako kasentensi ndiko katakakokula hela yako.

"Nitaisafisha" ya editor ni ndugu wa "njoo Ijumaa" ya fundi cherehani. Wanaoisema hawalipi wao. Mimi niliyemwamini wa kwangu nililipa mara mbili, na mara ya pili kwa bei ya mtu aliyebanwa. Chekeni tu, nimezoea.

Sasa elewa kwa nini komedi ya mtu mwenye haya inaumia kuliko filamu ya ngumi. Kijana anasema, "Samahani... naomba... kalamu." Kimya. Msichana anamtazama mkononi: "Hiyo uliyoshika?" Kicheko chako chote kiko kwenye kile kimya. Kamera nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Kimya kikiingia, inadhani sauti imefifia, inapandisha, na feni ya darini inavuma kama masika juu ya bati. Msichana akitamka neno la kwanza, linapasuka, ndipo kamera inajishusha. Huna tena kimya, una mashine ya kusaga. Na mezani kwa kuhariri, kimya hicho ndicho utataka kukivuta nusu sekunde au kukipunguza. Kwa mvumo ule wa feni kila ukatapo panasikika.

Programu za kusafisha zipo, na feni inayovuma kwa usawa zinaipunguza. Ila ukizikaza sana, zinaondoka na nyama ya sauti, kijana anabaki anaongea kutoka ndani ya pipa. Mwangwi wa chumba cha hosteli chenye sakafu ya vigae ndio mbaya zaidi. Utasema mtarudia sauti studio. Jaribu kumrudishia mtu kigugumizi chake midomo ilingane! Tena miezi miwili baadaye, waigizaji wakiwa likizo kwao na kila mmoja anataka posho mpya.

Fanya hivi. Kodi rekoda ya pembeni na maiki ya bumu, ile inayoning'inizwa kwenye fimbo ndefu (siyo bumu la Bodi ya Mikopo, hili linakuja kwa wakati). Kwenye mipangilio ya rekoda chagua 48 kHz, biti 24. Maiki ikae juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu (eneo ambalo kamera inaliona), sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, ielekezwe kifuani. Ikienda mita mbili umerudi kulekule. Marekebisho ya sauti ya otomatiki zima, kwenye rekoda na kwenye kamera. Mtu akiongea kwa nguvu, mshale wa kipimo cha sauti kwenye rekoda ugonge kama -12 dB, usifike 0 hata kwenye kicheko. Anayeshika bumu avae hedifoni muda wote, na awe na ruhusa ya kusema "tunarudia" hata kama dairekta kanuna. Kila teki, yaani kila mara mnaposhuti kipande, ianze kwa mtu kupiga kofi moja la viganja mbele ya kamera ili sauti na picha zishikane. Kama mnatumia simu, weka programu inayoishikilia kwenye picha 25 kwa sekunde bila kubadilika. Zikiyumbayumba, sauti itaachana na midomo polepole mpaka mwisho wa teki.

Chumbani zima feni, na mtatoka jasho kweli, mshike leso. Zima friji, na funguo za gari au pikipiki ziweke ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha tena. Magodoro ya hosteli mawili matatu yasimamishwe ukutani nje ya fremu, yanameza mwangwi. Kunguru wa Dar hawazimiki, subiri wapite. Adhana ina ratiba, jipange nayo.

Msichana asicheke juu ya maneno ya kijana wakati kamera iko kwa kijana. Acheke bila sauti, kicheko chake kirekodiwe peke yake baadaye. Vikipandana hutaweza kuvitenganisha. Minong'ono ya maktabani nayo irekodiwe tena papo hapo bila kamera, maiki karibu, mwigizaji angali na pumzi ileile.

Na kabla ya kuhama kila eneo, wote mkae kimya sekunde 60, rekoda ikizunguka. Ukimya huo wa chumba ndio utakaojaza mapengo yote ya kijana wako mwenye haya. Watu wataguna, njaa inauma, waache wagune.

Kuhusu kamera, chukua yoyote yenye tundu la hedifoni, shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde ili taa zisichezecheze, pesa iliyobaki ipeleke kwenye sauti. Wimbo unaovuma unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi yenyewe, kwa hiyo mtafute mwanachuo mwenye gitaa mwandikishane. Waigizaji... chagua wanaosikika, wengine wanameza maneno. Ona, nimerudi palepale.

Usilipe kianzio cha kamera bado. Leo saa ambayo mnapanga kushuti, ingia kwenye hicho chumba na hiyo maiki ya kamera, mwambie mtu aombe kalamu kwa haya dakika mbili. Sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu maana huko ndiko watu wataitazama. Weka faili hapa chini, halafu tuongee bajeti.