Maswali ya gofu: tazama glavu yako kabla ya kununua draiva

Mwalimu, nikipiga kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, mpira unapinda kulia kila mara. Ninunue draiva gani? (Msomaji, Ntinda)

Swali hili linarudi kila mwezi, na kila mara muulizaji ameshafika mlangoni mwa duka. Usinunue kitu. Chukua glavu yako ya mkono wa kushoto, uigeuze, utazame pale penye nyama chini ya kidole cha mwisho. Ikiwa imechakaa au imetoboka hapo, mpini unakaa kiganjani na unateleza kila unapopiga. Unatakiwa ulale kwenye vidole: uanzie pingili ya kidole cha shahada, upite chini ya ule mnofu wa kiganja. Ukiinama kutazama, uone vifundo viwili au vitatu vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo huelekea kufika kwenye mpira ukiwa umefunguka, yaani umetazama kulia, na hilo halitibiwi kwa draiva ya mamilioni ya shilingi.

Kuna kosa la pili mnalojiongezea wenyewe. Mpira ukienda kulia, mnajipanga mkielekea kushoto. Fimbo inazidi kukata kutoka nje kuja ndani, upande wa mwili wako, huku uso wake umebaki wazi vilevile. Tofauti hiyo kati ya njia ya fimbo na uso wake ndiyo inayoupinda mpira, kwa hiyo kadiri unavyolenga kushoto ndivyo unavyouongezea kona. Badilisha mshiko. Utapiga vibaya kwa muda, mikono itaona ugeni, vumilia. Wengi hurudia mshiko wa zamani mara tu wakiitwa kwenye mashindano, na kazi yote inapotea hapo.

Naweza kubeba fimbo 16? (Tororo)

Hapana, mwisho ni 14. Ukizidisha unaongezewa mapigo 2 kwa kila shimo ulilocheza nazo, yasizidi 4 kwa raundi. Sheria zote ziko bure kwenye programu ya simu ya R&A, wasimamizi wa sheria za gofu. Zisomeni kabla ya kuniandikia.

Nikipiga aironi, zile fimbo za chuma, mpira unatambaa chini. Wenzangu wanasema nainua kichwa. (Entebbe)

Mara nyingi si kichwa. Kifua ndicho kinachoinuka, au mikono inajikunja kwa sababu unajaribu kuunyanyua mpira mwenyewe. Fimbo imetengenezwa na mwinamo wa kuunyanyua. Wewe piga kwenda chini. Ukikaza shingo ili ubaki umetazama nyasi, mwili hauzunguki na mgongo ndio utakaolipa.

Mume wangu ndiye anayenifundisha, na kila shimo ananipa kosa jipya. Nimfuate? (Jinja)

Mheshimu nyumbani, dada yangu, lakini uwanjani mwombe anyamaze. Swingi, yaani kule kuzungusha fimbo, haibebi mawazo matano kwa pigo moja. Halafu ajue kwamba mkiwa kwenye mashindano ya mapigo, kila mmoja na kadi yake, ushauri anaokupa unamgharimu yeye mapigo 2, na wewe ukimwomba unapata adhabu hiyohiyo. Wa kumuuliza ni kedi wako, anayekubebea mfuko wa fimbo. Hapa naomba niseme wazi: makedi wa Kitante, Entebbe na Jinja wanaziona swingi zenu kuliko mnavyoziona wenyewe, na wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko. Mnawaita kwa kupiga vidole, kisha mnabishana nao malipo. Acheni.

Napiga vikapu vitatu vya mipira kila jioni, sasa kiwiko kinauma upande wa ndani. Niongeze mazoezi ya nguvu? (Mbarara)

Usiongeze chochote. Acha kupiga, umwone daktari. Maumivu hayo yakizoeleka huchukua miezi kupona. Ukipona, usirudi kwenye mkeka wa plastiki kila siku. Ukigonga nyuma ya mpira pale, fimbo inateleza na mpira unaruka vizuri, kumbe mshtuko umeingia kwenye kiwiko na kosa hukuliona. Uwanjani, hasa mvua za Aprili zikishalainisha ardhi, pigo hilohilo linachimba na mpira hauendi popote. Kikapu kimoja kwenye nyasi kinatosha, tena upumzike kati ya pigo na pigo. Muda uliobaki upeleke kwenye grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo. Par ya 72, yaani mapigo yanayotarajiwa kwa raundi nzima, imetenga mapigo 36 ya pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni; hiyo ni nusu ya mchezo, na sijapata barua hata moja inayouliza habari zake.