Daktari uliyepewa hospitali, angalia kwanza unavyopokea habari mbaya

Daktari mmoja ameuliza hapa jukwaani: ameteuliwa kuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu, wa hospitali ya wilaya, umri wake ni miaka thelathini na kidogo, wauguzi wengi wana umri wa mama yake, na maagizo anayoyatoa kikaoni yanaishia kikaoni. Anataka kujua aanze kutoa barua za kujieleza au aendelee kubembeleza. Wengi mmemjibu akaze, la sivyo watamzoea. Mimi naona shida yake iko kwingine.

Daktari, hongera na pole kwa majukumu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekuwa muuguzi mfawidhi wa hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na nimefanya kazi chini ya waganga wafawidhi wa kila aina: wapole, wakali, wenye kelele na wasioonekana kabisa. Kipimo nilichokuja kukiamini ni kimoja tu: habari mbaya inachukua muda gani kumfikia mkubwa? Kuna hospitali ambayo oksijeni ikikaribia kuisha mganga mfawidhi anajua mchana ule ule. Na kuna ambayo anajua baada ya mgonjwa kufa. Wauguzi ni wale wale, shule walizosoma ni zile zile, mshahara ni wa serikali ile ile. Tofauti inaanzia kwenye uso na sauti ya mkubwa pale anapoletewa jambo.

Chukua wodi ya wazazi saa nane usiku. Mama amejifungua, damu haikati. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mama wa namna hiyo anaweza kupotea ndani ya saa mbili, na kwamba kila dakika kumi ina thamani. Mkunga wa zamu amempa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, amemkanda tumbo, amefungua dripu, bado damu inatoka. Mkononi ana simu. Sasa kama juzi alimpigia daktari wa zamu akaambulia "kwa hiyo mmeshindwa hata hiyo?", mkunga huyo hatapiga mapema. Ataangalia tena. Atamwamsha mwenzake washauriane. Atasema ngoja nimalize chupa hii kwanza. Hakuna aliyemkataza kupiga simu, na mwongozo ukutani unamwambia apige. Ila ameshafundishwa kuogopa, na hofu hiyo itakula dakika ishirini. Nimekaa kwenye vikao vingi vya mapitio ya vifo vya uzazi, na hizo dakika ishirini hazimo kwenye faili. Kwenye faili utakuta "daktari aliitwa, alifika".

Msidhani ni tabia ya hospitali zetu tu. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama mmoja wa miaka 37, Elaine Bromiley, alipelekwa chumba cha upasuaji kwa operesheni ndogo ya pua. Baada ya kupewa usingizi njia ya hewa ilikataa. Madaktari waliokuwemo walikuwa wazoefu, lakini waliendelea kujaribu kuingiza mpira kooni wakati oksijeni mwilini iko chini. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo akawaambia viko tayari. Mwingine aliwapigia simu wodi ya wagonjwa mahututi waandae kitanda, akatazamwa kama mtu anayekuza mambo, akapiga tena kukifuta. Mama yule hakuzinduka, alifariki siku kadhaa baadaye. Mume wake, Martin Bromiley, wakati huo alikuwa rubani wa ndege. Hakuomba watu wafungwe. Alitaka uchunguzi huru, kisha mwaka 2007 akaanzisha kundi la kuwafundisha wahudumu wa afya namna ya kufanya kazi pamoja na kuzungumza hatari inapokuwepo. Nakuomba ulione hili, Daktari: ndani ya chumba kile walikuwepo watu waliojua kinachotakiwa. Hawakupata mlango wa kulisemea.

Mlango huo unaujenga wewe, na unaweza kuanza na ripoti ya asubuhi. Kwenye hospitali nyingi ripoti ya asubuhi imegeuka mahakama. Muuguzi aliyekesha anasimama, macho mekundu, anasoma: waliolazwa kadhaa, waliojifungua kadhaa, kifo kimoja. Neno "kifo" likitoka tu maswali yanamshukia, mbele ya wanafunzi, mbele ya wahudumu anaotakiwa kuwasimamia. Kesho yake kila mtu anajifunza kusoma ripoti fupi. Nilifanya kazi na mganga mfawidhi mmoja aliyebadilisha kitu kidogo sana. Kabla ya swali lolote alikuwa akisema, "Asanteni kwa usiku. Nini kiliwakwamisha?" Basi. Wiki za mwanzo watu walikaa kimya, wakidhani ni mtego. Halafu mmoja akasema jenereta inachelewa kuwaka kwa sababu ufunguo unakaa kwa mlinzi wa geti la nyuma. Ufunguo ukahamishwa siku ile ile. Waliposikia hivyo, wengine nao wakaanza kusema. Zingatia hapo: kilichowafungua midomo ni ule ufunguo kuhamishwa, kuliko shukrani zenyewe. Ukiuliza kinachokwamisha halafu usifanye lolote, ni afadhali usiulize.

Chumba cha upasuaji nacho kina njia yake, na hii ina mkono wetu Watanzania. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani kati ya 2007 na 2008, na moja ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo ya hospitali zote nane yalipojumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kuna kipengele humo ambacho madaktari wengi hukiruka kwa kukiona cha kitoto: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu ataje jina lake na kazi yake. Usikiruke. Mhudumu aliyekwisha kusikika sauti yake mle ndani hapati shida kuifungua tena anapoona hesabu ya gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, haijatimia. Na karatasi ile ikijazwa baada ya operesheni ili faili lionekane zuri, haijamlinda mtu yeyote. Hilo nimeliona mara nyingi na linaniuma.

Sasa barua za kujieleza. Sisemi uzitupe. Mtu anayeuza dawa za hospitali, anayemdai mama mjamzito pesa ili amhudumie, anayemtukana au kumpiga kibao mzazi akiwa kwenye uchungu, huyo mwandikie siku hiyo hiyo na usisikilize wanaokuja kumwombea. Lakini muuguzi aliyekosea dozi akiwa peke yake na wagonjwa arobaini, kisha akaja mwenyewe kukwambia, ukimwandikia barua umeifunga hospitali nzima. Makosa hayataisha, ila wewe hutayasikia tena. Mapitio ya vifo vya uzazi yamewekewa kanuni ya kutotaja jina na kutolaumu kwa sababu hiyo hiyo, na mganga mfawidhi anayetoka kwenye kikao hicho akaenda kumwandikia barua mkunga aliyesema ukweli ameua kikao hicho moja kwa moja.

Kuhusu umri. Waamkie. Sista wa miaka hamsini na tano ukimpa shikamoo yake asubuhi hujapungukiwa cheo, na mchana ukimwambia rosta hii haikubaliki atakusikiliza vizuri zaidi. Kama una la kumkosoa, mwite ofisini, funga mlango, mwambie wazi. Usimkosoe kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa aliyeona muuguzi wake anadhalilishwa hatamwamini tena kwa sindano wala kwa ushauri, na wewe utaondoka wodini, yeye atabaki na mgonjwa huyo usiku kucha.

Hapa nitasema jambo ambalo madaktari hawalipendi. Sababu kubwa ya wauguzi kutofuata maagizo ya mganga mfawidhi kijana mara nyingi ni madaktari wenzake. Anatoa onyo la uchelewaji, muuguzi aliyechelewa nusu saa anasaini daftari jekundu, wakati daktari bingwa ambaye raundi yake ni saa mbili anaingia saa tano akitokea kwenye zahanati yake binafsi, na hakuna anayemgusa kwa kuwa alimfundisha mganga mfawidhi chuoni. Watu wanaona. Hawatasema, ila agizo lako linalofuata watalipima kwa jambo hilo. Kwa hiyo kabla hujashughulika na wauguzi, kamwone huyo bingwa. Nenda ofisini kwake, kwa heshima zote, mwambie wagonjwa wanamsubiri saa tatu nzima na muuguzi anashindwa kuwaruhusu wanaotakiwa kuruhusiwa. Ni mazungumzo magumu kuliko barua kumi za kujieleza, lakini yakifaulu hospitali nzima itajua kabla ya jioni.

Posho nitaigusa kwa kifupi. Orodha ya malipo ya kuitwa kazini na ya saa za ziada ibandikwe, na vigezo vyake vibandikwe, hata kama fedha iliyopo haitoshi. Watu huvumilia uhaba, lakini mgao wa siri hawauvumilii. Mshirikishe katibu wa afya na muuguzi mfawidhi wako kuandaa orodha hiyo, usiiandae na mhasibu peke yenu.

Ukiniuliza uanze na nini wiki ijayo, anza na simu ya usiku. Kaa na madaktari wote wa zamu mkubaliane jambo moja: mkunga akipiga, jibu la kwanza ni "nakuja", maswali yatafuata njiani. Tangaza hilo kwenye ripoti ya asubuhi madaktari wote wakiwepo, na toa namba yako wewe mwenyewe kwa wodi ya wazazi, kwamba daktari wa zamu asipopokea wakupigie wewe. Wa kwanza watakaokupigia huenda watakupigia kwa jambo dogo. Amka, nenda. Asubuhi usiulize kwa nini walikuamsha kwa jambo lile.

Baada ya mwezi njoo hapa utueleze wodi ya wazazi wanapiga simu mapema kuliko zamani au la. Na wauguzi wenzangu mliomo humu, mwelezeni Daktari ni kitu gani kiliwahi kuwafanya mkae kimya kazini, atakihitaji kuliko ushauri wa kukaza.