Kabla hujamkabidhi dereva gari lako la teksi

Nilipeleka hesabu, yaani fedha ambayo dereva humpa mwenye gari kwa kila siku anayolishika, kwa bosi miaka sita kabla sijanunua gari langu mwenyewe. Sasa naletewa mimi, na kuna mambo nayafanya kwa sababu tu yalinitesa nilipokuwa upande wa pili.

Gari la kwanza nililopewa lilikuwa likilia chuma kwa chuma kila nikikanyaga breki. Nikampigia bosi. Akasema malizia wiki, Jumapili tutalipeleka kwa fundi. Alhamisi mvua ikanyesha, nikamgonga wa mbele yangu. Hakuna aliyeumia, lakini bampa na taa zake zote mbili za nyuma zilikwisha. Tulipoitoa bima tukakuta imekatwa kwa matumizi binafsi, na mimi nilikuwa na abiria ndani. Kampuni ya bima haikulipa hata senti. Bosi akanigeukia: "Usukani ulikuwa mikononi mwa nani?" Nikalipa kidogo kidogo, miezi mitano.

Nililipa kwa kutojua. Anayekodisha gari kwa kazi ya abiria anatakiwa kulikabidhi likiwa zima, likiwa na bima ya kubebea abiria, ukaguzi na leseni ya biashara ambavyo havijapitwa na muda. Dereva naye ana yake: kutazama tairi, maji na oili asubuhi, na kusema mapema akisikia kitu. Akishasema, na mwenye gari akamwambia endelea, ni vigumu sana kumtupia lawama yote. Ila asiseme kwa simu tu. Atume ujumbe wa maandishi. Mimi simu yangu ya breki sikuwa na namna ya kuithibitisha.

Wenye magari wengi hujikinga na maneno haya: "Huyu si mfanyakazi wangu, nimemkodishia tu." Huenda ni kweli. Lakini Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka uhusiano utazamwe kwa jinsi kazi inavyofanyika, si kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuata njia hiyohiyo: madereva wa Uber waliofungua kesi walionekana kustahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ingawa mkataba uliwaita watu waliojiajiri. Kwa hiyo kama wewe ndiye unayempangia dereva saa za kuingia barabarani, unamkata faini akichelewa na unamkataza kupumzika, usishangae siku ukiambiwa wewe ni mwajiri, pamoja na fidia ya akiumia kazini.

Amana, ile fedha ya dhamana dereva anayokuachia akichukua gari, ndiyo huleta ugomvi mwingi. Siku ya makabidhiano piga picha kila mkwaruzo, na kilomita zinavyosomeka kwenye dashibodi, dereva akiwa amesimama hapo. Uchakavu wa kawaida haukatwi kwenye amana. Na gari likilala gereji kwa ubovu wake lenyewe, usimdai mtu hesabu ya siku ambazo hakulishika.

Dereva wangu wa kwanza aliusoma mkataba wote, akaugeuza nyuma, akauliza, "Na betri ikifa, ya nani?" Sikuwa nimeiandika. Tukaiongeza kwa kalamu palepale, juu ya boneti: ya mwenye gari. Tukatia sahihi wote wawili.